Nani Anayenunua Dawa? Uhakiki wa Picha za Dhihaka juu ya Waganga na Wagonjwa

Katika lugha yetu ya taifa neno "mganga" limebeba watu wawili katika gunia moja. Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari aliyesomea udaktari na anayeketi wizarani. Mganga wa kienyeji huketi kwenye kigoda nyumbani kwake kijijini, tunguri na usinga vikiwa kando yake. Waingereza waliotutawala waliwatenga watu hawa wawili kwa majina mawili, moja la heshima na la pili la kejeli, na kejeli hiyo wakaieneza duniani kote. Kiswahili hakikukubali. Hatusemi kwamba wasemaji wa Kiswahili hawaijui tofauti iliyopo baina ya zahanati na kilinge. Wanaijua vizuri sana, na mara nyingi huzitembelea zote mbili katika juma moja. Tunachosema ni kwamba mchoraji wa kwetu anayetaka kumdhihaki tabibu huanza kazi yake na mtaji ambao mwenziwe wa Ulaya hakuwa nao. Akitaja mganga tu, tayari amewagusa wote wawili.

Picha za dhihaka hazijapata nafasi ya kutosha katika mijadala yetu juu ya utamaduni wa taifa. Ngoma imeandikwa, vinyago vimeandikwa, mashairi yamehakikiwa mpaka tukachoka. Lakini kibonzo cha gazetini huchekwa asubuhi na jioni kikafungia maandazi. Tungependa katika kurasa hizi kukitazama kwa uzito zaidi, hasa kile kinachomhusu tabibu na mgonjwa wake, na kukitazama tukiwa tumesimama mahali mahususi: Nkome, katika Wilaya ya Geita, ufukoni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo mashua huondoka kwenda Kisiwa cha Rubondo. Tumepachagua mahali hapa kwa sababu mbili. Ni nchi ya wavuvi na wachimbaji wa dhahabu, watu ambao riziki yao hutegemea kitu wasichokiona, kikiwa chini ya maji au chini ya ardhi. Na watu wa namna hiyo, popote duniani, ni wateja wakubwa wa waganga. Sababu ya pili tutaifikia baadaye, nayo haichekeshi.

Tuanze na urithi wa wenyeji. Mtu asidhani kwamba kumcheka mganga ni jambo lililoletwa na magazeti. Katika nchi ya Wasukuma, tangu karne ya kumi na tisa, wachezaji wa ngoma waligawanyika katika vyama viwili vikubwa vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, na asili ya vyama hivyo ni mashindano ya waganga wawili, Ngika na Gumha. Kila upande ulikuja uwanjani baada ya mavuno ukiwa na dawa zake za kuvuta watazamaji, na kila upande uliidhihaki dawa ya mwenziwe. Hakimu alikuwa nani? Alikuwa umati wenyewe. Upande uliowavuta watu wengi ndio ulioshinda, na ule uliobaki na uwanja mtupu ulirudi nyumbani na aibu yake. Ili kuwavuta watu, wachezaji walibuni pia sanamu za miti, nyingine zikiwa na viungo vinavyochezeshwa, zilizotengenezwa kwa makusudi zishangaze na kuchekesha. Msomaji anayeweza kufika Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, atakuta kwenye Makumbusho ya Wasukuma kumbukumbu nyingi za vyama hivi.

Tunataka mwanafunzi aone jambo moja hapa. Katika mashindano yale mganga alidhihakiwa na mganga mwenziwe, mbele ya watu ambao walikuwa na uhuru wa kuondoka. Dawa ilipimwa hadharani. Mteja hakufichwa, wala hakuonekana mjinga. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Kipo kisa kingine cha picha kilicho karibu zaidi na somo letu. Wasukuma walikuwa na chama cha waganga wa nyoka, Bayeye, waliojua kuwashika nyoka, kuwachezesha, na kuwatibu walioumwa. Ndani ya nyumba walimofundishiana siri za chama chao walipaka ukutani picha za nyoka, za watu, na za mambo waliyotaka wanachama wayakumbuke. Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alizikusanya habari za picha hizo, na kitabu chake juu yake kikachapishwa London mwaka 1953. Picha za Bayeye hazikuwa vibonzo. Zilikuwa za walio ndani tu, na sharti la kuzitazama lilikuwa kwanza kuingia chamani. Lakini zinatuonyesha kwamba waganga wa nchi hii walikuwa wachoraji kabla ya kuwa vichekesho vya wachoraji wengine, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba picha ni sanaa ya kigeni kwa Wasukuma anawapotosha.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa Ulaya ndiko picha ya dhihaka juu ya tabibu ilikochongwa kwenye mabamba ya shaba, ikapigwa chapa kwa wingi, na kuuzwa madukani. William Hogarth, Mwingereza wa karne ya kumi na nane, alitoa mwaka 1736 picha iliyofanana na ngao ya ukoo wa kifahari. Sehemu ya chini ya ngao imejaa madaktari kumi na wawili waliovaa nywele za bandia, wengine wakinusa vichwa vya bakora zao kwa upole mkubwa, na mmoja akichovya kidole katika chupa ya mkojo ili auonje. Sehemu ya juu wamo matabibu watatu wa kubahatisha, mmoja wao mwanamke aliyesifika kwa kuunga mifupa. Jina ambalo Hogarth aliwapa wote kwa pamoja ni chama cha wazishi. Ni picha kali na ya werevu, lakini tukisema kweli, haiendi mbali. Inawacheka madaktari kwa mavazi yao na kwa bakora zao. Mgonjwa hayumo, isipokuwa mkojo wake tu.

Picha yake iliyo bora zaidi juu ya jambo hili ni ya tatu katika mfuatano wa picha sita juu ya ndoa ya kitajiri, uliopigwa chapa mwaka 1745. Tuko katika chumba cha tabibu wa kubahatisha. Ukutani na kabatini vimejaa vitu vya kutisha: mifupa ya binadamu iliyosimamishwa, mamba aliyekaushwa, mashine zisizojulikana kazi yake. Mwalimu yeyote wa Kanda ya Ziwa atakitambua chumba hicho mara moja. Badili mamba kwa ngozi ya kenge, na mashine kwa tunguri, nasi tuko nyumbani. Tabibu mwenyewe, mwenye miguu ya matege, anafuta miwani yake kwa kitambaa. Mwanamke mmoja mkubwa wa mwili anafungua kisu kwa hasira. Kwenye kiti ameketi bwana mdogo wa ukoo wa kitajiri, anacheka, ameinua bakora kidogo kama mtu anayefanya mzaha, huku akinyoosha mkono wenye kikopo cha vidonge kudai kwamba dawa aliyoinunua haikufaa kitu. Na mbele yake amesimama msichana mdogo, mtoto kabisa, anayejifuta kidonda mdomoni.

Tunamwomba msomaji akae na picha hii kwa muda. Hogarth angeweza kumweka tabibu katikati, kwa kuwa tabibu ndiye mwenye sura ya kuchekesha. Hakufanya hivyo. Aliyeketi ni mnunuzi. Ndiye mwenye fedha, ndiye aliyeuleta ugonjwa, na ndiye anayecheka. Mgonjwa tunayemhurumia ni yule msichana ambaye hakununua chochote wala hakuulizwa lolote. Basi humo mna watu wa namna tatu: anayeuza dawa, anayeinunua, na anayelipia kwa mwili wake. Sisi tunaona kwamba hiki ndicho kipimo kinachofaa kuzipima picha zote za aina hii, ziwe za London au za Dar es Salaam. Picha yenye watu wawili tu, tabibu mjanja na mgonjwa mjinga, aghalabu imemsahau mtu wa tatu.

Wakoloni walipokuja kutuchora, walisahau zaidi ya huyo mmoja. Magazeti ya Ulaya na vitabu vya wasafiri vilimchora mganga wa Kiafrika akiwa amevaa ngozi na mifupa, ametoa macho, anarukaruka kando ya moto. Na sheria nayo ikafuata picha. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitungwa na watawala ambao walikuwa tayari wamekwisha kuuona uganga katika michoro hiyo kabla ya kuuona kwa macho. Tunalitaja jambo hili si kwa ajili ya kulalamika juu ya yaliyopita, bali kwa sababu mganga yule wa mifupa na ngozi hajafa. Wachoraji wetu wenyewe wamemrithi. Hata leo, ukitazama kibonzo cha mganga wa kienyeji, mara nyingi utamkuta kavaa vilevile, katika nchi ambayo mganga halisi huvaa suruali na shati, ana simu ya mkononi, na jina lake limeandikwa kwa rangi kwenye kibao kilichopigiliwa mtini kando ya barabara: mvuto wa biashara, mpenzi kurudi, madini, nguvu za kiume. Kibao hicho chenyewe ni kichekesho kuliko kibonzo, maana kinatibu moyo na mfuko kabla ya kufika kwenye homa.

Magazeti na majarida ya baada ya Uhuru yalifungua mlango mpya. Christian Gregory, aliyechora katika gazeti la Uhuru, alimpa msomaji wa Kitanzania mhusika aliyeitwa Chakubanga, mtu wa kawaida ambaye kupitia kwake wakubwa na wadogo walichekwa kila siku. Baadaye, katika miaka ya 1970, likaja jarida la Sani, ambalo jina lake liliundwa kutokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ambalo kwa kizazi kizima lilikuwa shule ya pili ya kusoma. Humo walizaliwa akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Faida kubwa ya wahusika hawa ilikuwa kwamba walitazama ofisi, foleni na dirisha la huduma kutoka upande wa nje, upande anaosimama mwananchi.

Na kwa habari ya hospitali, upande wa nje ulikuwa na mengi ya kuonyesha. Mwaka 1973 taifa zima liliitwa kwenye kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo. Mwaka 1977 uganga wa kutafuta faida binafsi ukapigwa marufuku, ukaja kuruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 mgonjwa akaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Katika kipindi chote hicho kichekesho cha zahanati hakikuwa daktari mwenye bakora ya dhahabu kama wale wa Hogarth. Kilikuwa kabati tupu. Kilikuwa mgonjwa anayeandikiwa dawa kwa mwandiko mzuri kisha anaambiwa akainunue anakojua yeye. Mchoraji aliyeelewa hivyo alimchora mganga wa zahanati na mgonjwa wake wakilitazama kabati lilelile kutoka pande mbili, na hapo akawa amesema jambo la kweli juu ya nchi maskini. Mchoraji asiyeelewa alimchora daktari mnene tu, sura aliyoiazima nje, na migomo ya madaktari ya mwaka 2012, walipodai maslahi yao na vifaa vya kazi, ikaonyesha jinsi sura hiyo ilivyokuwa mbali na wodi zetu.

Hatuwezi kuiacha picha ya rangi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyofyatuliwa kwa makosa, alifanya kazi Muhimbili akiwahudumia wagonjwa. Wanyama wake wanajulikana kila mahali. Miongoni mwa wafuasi wake imekua aina ya picha inayopendwa ya hospitali: ukumbi uliojaa watu pomoni, muuguzi mwenye sindano kubwa kama mchi, mgonjwa anayekimbia, mwingine anayebebwa, mama anayejifungua, na huku na huko ndugu waliobeba vyakula. Ni picha za furaha, na sindano ile huwachekesha hata watoto. Hata hivyo tuna shaka nazo kidogo. Nyingi huchorwa kwa ajili ya mgeni atakayeondoka nayo kwenye sanduku, na mgeni huyo hatapanga foleni katika ukumbi ule. Bagika na Bagalu walichekwa na watu waliokuwa na haja ya dawa. Hapa kicheko kinauzwa kwa mtu asiye na haja nayo. Jambo hilo haliiharibu picha, lakini huifanya iwe ya upole mno. Kila mtu humo anapata sindano, na hakuna anayekosa dawa.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kukiri upande wa pili wa sanaa hii, kwamba dhihaka huweza kuwa na ustadi wote na bado ikakosea. James Gillray, Mwingereza mwingine, alitoa mwaka 1802 picha juu ya chanjo ya ndui ambayo Edward Jenner alikuwa ameijaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1796. Daktari amesimama katikati akimchanja mwanamke mwenye hofu. Pembeni wako waliokwisha kuchanjwa, na kutoka puani, mikononi na mapajani mwao wanachomoza ng'ombe wadogo hai. Ukutani imetundikwa picha ya watu wanaomsujudia ndama. Kwa uchoraji ni kazi ya ajabu. Mtu akiiona mara moja haisahau. Lakini kwa matokeo, iliutia picha uvumi wa watu wenye hofu. Ndui ilitoweka duniani kwa sababu ya chanjo ile ile: mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca huko Somalia, mwaka 1977, naye akapona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Wale ng'ombe wa Gillray hawajaisha. Kila chanjo mpya inapofika vijijini kwetu huja na mzaha wake juu ya kitakachomwota aliyechanjwa, na mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini mwezi Julai, mizaha ya namna hiyo ilipita mikononi mwa watu kwa kasi ambayo bamba la shaba lisingeiweza.

Sasa tuifikie sababu ya pili ya kusimama Nkome. Katika ukanda huu wa Geita, Mwanza na Shinyanga, uganga wa ramli umeua watu. Umewaua vikongwe, wengi wao kwa kosa la kuwa na macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi wa kuni na samadi ya ng'ombe. Na hasa kati ya mwaka 2007 na 2009 uliwaua watu wenye ualbino, kwa sababu ilienezwa kwamba viungo vyao vikitiwa katika dawa humpa mchimbaji dhahabu na mvuvi samaki. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema wa BBC aliwaendea waganga akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaambiwa dawa hiyo inapatikana na bei yake ni kiasi gani. Januari 2009 Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino. Na Januari 2015 Serikali ikapiga tena marufuku ramli chonganishi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ilikuwa imekwisha kuweka utaratibu wa kumtambua na kumsajili mganga wa kweli, lakini vibao vya barabarani havikuusubiri utaratibu huo.

Tuwaulize wachoraji wetu walifanya nini. Haiwezekani kusema kwamba walinyamaza. Ila kwa sehemu kubwa sura waliyokuwa nayo tayari ni ile ya mtu wa mifupa na ngozi, kwa hiyo ndiyo waliyoitumia: mganga akiwa zimwi, na mtu mwenye ualbino akiwa mbele yake. Ukiihesabu picha hiyo kwa kipimo cha Hogarth utaona upungufu wake papo hapo. Wamo anayeuza na anayelipia kwa mwili wake. Yuko wapi anayenunua? Ntetema hakujifanya maskini wala mgonjwa alipowaendea waganga wale. Alijifanya mtu mwenye mtaji, kwa kuwa alijua kwamba huyo ndiye anayesikilizwa. Biashara ya namna ile haisukumwi na mchimbaji anayelala kwenye turubai na kula mlo mmoja. Inasukumwa na mtu anayeweza kulipa, ambaye pengine haumwi chochote, ana afya, ana mashua, ana shimo, na anataka zaidi. Katika uganga wa bahati mteja si mgonjwa hata kidogo. Neno letu "mgonjwa" limempa hifadhi asiyostahili, na kibonzo kimemwongezea hifadhi ya pili kwa kutomchora.

Kuna nyakati ambapo vibonzo vyetu vilimwona mnunuzi, na ni haki kuzitaja. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kwa kilomita nyingi. Wengine walifia njiani, na baadhi ya wagonjwa waliokunywa waliacha dawa walizoandikiwa hospitali. Mzee yule alifariki mwaka 2021. Kikombe chake kilitoka Loliondo kikaingia magazetini, kikawa ishara ya kila tiba ya mkato, iwe ya mwili au ya siasa. Tunaona kwamba dhihaka ile ilifanikiwa kuliko nyingi zilizotangulia, na sababu yake ni foleni. Katika foleni ya Samunge mkubwa wa serikali aliyefika kwa gari la kifahari alikunywa kikombe kilekile cha mama aliyefika kwa lori. Mchoraji hakuhitaji kumvalisha mzee mifupa. Mzee alivaa nguo za kawaida na aliongea kwa upole. Kicheko kilihamia kwa wanywaji, na miongoni mwa wanywaji kikawachagua wale ambao walikuwa na njia nyingine.

Lakini Samunge hapakuwa na mauaji, na kucheka kulikuwa rahisi. Nkome ni pagumu zaidi. Tukimwazia mchoraji kijana wa huko, pengine mwanafunzi wa sekondari anayepaka vibao vya maduka ili apate ada, akitaka kuichora picha ya watu watatu tunayoizungumzia, vifaa vya mandhari anavyo vya kutosha. Anao mwalo, nyavu, karabai za kuvulia dagaa, mabondo ya sangara yanayopimwa kwenye mizani, na milima yenye mashimo nyuma yake. Anaye mganga, maana kibao chake labda amekipaka mwenyewe. Anaye pia anayelipia kwa mwili wake, ambaye anapaswa kuchorwa kwa heshima, awe na jina na kazi yake, wala si kivuli cha kuhurumiwa tu. Anayemsumbua ni yule wa tatu. Mnunuzi wa bahati hana sura ya kuchekesha. Hana miguu ya matege wala miwani ya kufuta. Anafanana na jirani mwema, anachangia harusi, anakaa kiti cha mbele kwenye mikutano, na huenda ndiye atakayelinunua gazeti lenye picha hiyo.

Hogarth alikutana na tatizo lilelile kwa bwana wake mdogo, aliyekuwa kijana mzuri wa sura na mwenye nguo nzuri. Alilitatua kwa tone moja la wino: alimtia baka jeusi shingoni, dogo kiasi cha kipande cha shilingi, ambalo mtazamaji wa zama zake alilielewa mara moja kuwa ni alama ya ugonjwa aliokuwa akiusambaza. Kwa mnunuzi wa bahati wa Kanda ya Ziwa, alama inayolingana na baka hilo bado hatujaiona ikichorwa.